Jebel Shams kwa sie wavivu: rivyuu ya njia ya Roshani, na huyo Ami aliyetupeleka

Nianze na kukiri kabisa, mie si mtu wa milima. Nimezaliwa Unguja, mlima mrefu niliokuwa naujua ni zile ngazi za nyumba ya bibi Mji Mkongwe, ghorofa tatu, mbao zinalia kila hatua, na hapa Maskati miaka sita sasa kazi yangu ni kiti, kompyuta na kiyoyozi. Na goti la kushoto bovu juu. Kwahiyo wifi yangu aliposema tukapande mlima wa Jebel Shams nilicheka nikamwambia nenda, mie nitakupikia ukirudi.

Kumbe kuna njia mbili na watu wengi wanazichanganya, hata mie nilikuwa nazichanganya. Ile ya kwenda kileleni inaitwa W4, hiyo ni ya wenye miguu, unatoka alfajiri unarudi jua linazama, na mlima wenyewe ndio mrefu kuliko yote Omani, ni kama mita 3,000. Hii ya pili ni W6, Waingereza wanaiita matembezi ya balkoni, sie tukaibatiza Roshani, na wallahi jina limekaa pahala pake. Hupandi kileleni. Unatembea ubavuni mwa bonde, kwenye kijia kilichochongwa kwenye ukuta wa jabali, juu yako ukuta, chini yako ukuta, kama mtu kakaa roshani ya ghorofa mia tatu anaangalia mtaani. Kama kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, na nyingi yake ni tambarare au inashuka taratibu. Hapo ndipo nikakubali.

Usafiri sasa. Mara ya kwanza tulibuku kwa kampuni moja ya mtandaoni, jina naliacha, tukatuma advansi, saa kumi na moja alfajiri tumesimama nje na mabegi na mtoto kasinzia begani, gari haijaja, simu inaita haipokelewi, saa mbili ndo inakuja meseji ati dereva kapata udhuru. Pesa ilirudi baada ya wiki tatu na kelele nyingi. Bas tukakata tamaa, mpaka jirani wa wifi akasema mbona yupo Ami fulani, mtu mzima, kastaafu, ana Land Cruiser yake ya zamani na wikiendi anapeleka watu milimani.

Kwa walio mbali na huku wasishangae, huyu Ami ni Muomani lakini Kiswahili chake kinanishinda mie. Kazaliwa Unguja kaja huku kijana. Wako wengi sana hivyo, waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakaja Omani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970 maana alikuwa anawataka watu waliosoma waje wajenge. Unaingia hospitali, benki, sokoni, unasikia mtu nyuma yako anasema "hebu nipishe mwanangu". Mishkaki huku wanaiita mishkaki. Mandazi ni mandazi. Ami yeye anazungumza kile Kiswahili cha zamani, anasema "n'kwambie" na "hapana budi", kila kitu kwake kina hadithi, na hiyo ni sifa na ni kasoro pia, nitafika huko.

Tulikuwa wanne, mie, wifi, mumewe na mpwa wangu wa miaka 11. Ami alitutoza rial 50 gari zima, mafuta ndani, kahawa na tende ndani. Si rahisi, si ghali, ukigawa kwa wanne ni sawa. Kule mlimani kwenyewe hatukulipa kiingilio chochote.

Tulitoka saa kumi na moja, Jumamosi ya mwezi wa kwanza. Mpaka Nizwa ni kama kilomita 160 barabara nzuri ya njia pana, mtoto alilala yote. Ijumaa pale Nizwa kuna mnada wa mbuzi wa asubuhi unaosifiwa sana, sie tumekwenda Jumamosi kwahiyo umetupita, wifi mpaka leo ananilaumu kwa sababu mie ndo niliyechagua siku. Tukanywa chai ya maziwa sheli, tukala mkate wa rukhali na jibini, tukaendelea upande wa mji wa Al Hamra.

Halafu unaingia bonde la Wadi Ghul. Ami akapunguza gari, akasema tazameni ule mlima, mnaona nini? Tukatazama. Mawe. Akasema tazameni vizuri. Ikachukua kama dakika nzima, afu mpwa wangu akapiga kelele "nyumba!" na kweli, ubavu wote wa kilima ni kijiji kizima cha mawe, kuta, madirisha, kimehamwa, rangi yake na ya mlima ni ile ile huwezi kujua wapi jabali linaishia na nyumba inaanza. Chini yake mitende na mashamba ya kijani. Mie nilidhani hicho ndo kivutio cha siku, kumbe ni kionjo.

Kutoka pale barabara inapanda kwa mizunguko, lami, afu kipande cha vumbi na kokoto kinachotikisa meno, afu lami tena. Tuliona watu wanapita na saluni, vigari vidogo vya kukodi, na Ami kila akikiona kimoja anasonya. Huku hakuna polisi wa kukurudisha kama kule mlima mwingine, Jebel Akhdar, pale Birkat al Mauz wanakusimamisha, kama gari si fowili, yani la kuvuta kwa magurudumu yote manne, hupiti. Huku ni akili yako. Mie ningesema fowili, hasa kama hujazoea kushuka mteremko mrefu, breki zinanuka.

Gari lenyewe la Ami, tuseme ukweli: kiyoyozi hakifanyi kazi, mkanda wa kiti cha nyuma katikati umekwama, na kuna harufu ya udi iliyokaa tangu enzi. Mwezi wa kwanza hukihitaji kiyoyozi. Mwezi wa tano ungekufa. Na ule mkanda alipaswa kuutengeneza kabla ya kubeba watoto, nilimwambia, akasema inshallah, mie nikamkalisha mtoto pembeni.

Kabla ya kufika mwanzo wa njia alitusimamisha pahala pa kuchungulia. Sikuwa nimejiandaa. Unatembea kwenye uwanja wa mawe wa kawaida tu, kama uwanja wa mpira uliotelekezwa, hatua kumi, ishirini, afu ardhi inakatika. Wanaliita Grand Canyon ya Arabuni na mie huwa sipendi hizi sifa za kuazima, lakini kina chake ni kama kilomita moja wima, na chini kabisa kuna vidoti vya kijani, nikauliza ni majani gani yale, Ami akasema mitende. Mitende! Ilikuwa kama mchicha umechipua jana. Magoti yote mawili yakalegea, lile zima na lile bovu.

Njia inaanzia Al Khitaym, vinyumba vichache tu na uwanja wa kuegesha gari. Baridi! Maskati tumeacha watu na fulana, huku upepo unapita ndani ya koti. Wamekaa akina mama na watoto wanauza bangili na vitu vya kutundikia funguo, vya sufu na manyoya ya mbuzi, vyekundu na vyeusi, na mazulia pia. Nilinunua bangili mbili kwa kitoto cha kike kikali kwelikweli, nimekiomba kipunguze kikanitazama tu mpaka nikaona haya.

Na mbuzi. Wacha niseme kuhusu mbuzi. Kila mtu aliyekwenda kule atakwambia habari za mbuzi, nawe utadhani anatia chumvi. Mie nilifungua mlango wa nyuma nikatoa mfuko wa mandazi, mandazi ya iliki ambayo nimeyakaanga mwenyewe usiku mpaka saa sita, nikauweka juu ya jiwe nifunge kamba ya raba. Sekunde tano. Alikuja mmoja mweusi, sikio moja lina chane, akatia kichwa chote ndani ya mfuko mpaka shingoni, na mfuko ukamganda kichwani akawa anatafuna hivyo hivyo gizani bila wasiwasi. Mume wa wifi kumvuta, yule anarudi nyuma na mfuko. Wenzake wakaja. Mandazi ishirini na mbili, yakabaki mawili, na moja lina mate. Yule mtoto muuza bangili ndo mara ya kwanza kacheka. Kwahiyo ushauri wangu nambari moja wa hii rivyuu: chakula kikae ndani ya begi, begi liwe mgongoni, zipu imefungwa.

Tukaanza kutembea kama saa tatu kasoro. Njia imewekwa alama, mistari mitatu ya rangi kwenye mawe, njano, nyeupe na nyekundu, huwezi kupotea na kwa kweli hata ungetaka kupotea utapotelea wapi, upande mmoja ukuta upande mmoja hewa. Upana unatosha watu wawili mara nyingi, kuna pahala ni mmoja mmoja. Hakuna reli, hakuna kamba. Kama una kizunguzungu cha urefu fikiria mara mbili, na kama una mtoto mdogo asiyesikia usimlete, wetu sie ana akili zake na bado alitembea upande wa ukutani muda wote, kashikwa mkono kwenye zile sehemu nyembamba. Mawe yenyewe yamekanyagwa miaka na miaka na punda na watu, mengine yanang'aa kama sabuni, raba zenye soli laini zinateleza. Nikamwona dada mmoja kavaa ndala. Sikusema kitu.

Sasa hapa ndo namrudia Ami. Watu wenye mbio wanaimaliza hii njia kwenda na kurudi kwa masaa matatu hivi. Sie tulitumia zaidi ya matano, na nusu ya sababu ni goti langu, nusu ni mdomo wa Ami. Kila jiwe ana neno. Mwanzoni iliniudhi, nataka nifike. Walitupita kundi la vijana na spika imefungwa begini muziki juu, tukawasikia dakika kumi nzima baada ya kupotea kwenye kona, maana bonde lile linarudisha sauti yote. Wamefika kabla yetu, wakapiga selfi, wakageuka, wakatupita tena tunakwenda. Sidhani kama waliona alichotuonyesha.

Alisimama kwenye jiwe moja la kijivu halina lolote. Akamwita mpwa wangu, njoo we bwana mdogo, akafungua chupa akamwaga maji kidogo tu juu yake. Jiwe likageuka rangi likawa jeusi kidogo, na ndani yake yakatokea makombe. Makombe ya baharini, yamelala ubavu, mengine nusu, moja lina mistari yake yote kama limeokotwa asubuhi ile. Tuko karibu mita 1,900 juu, bahari iko zaidi ya masaa mawili kwa gari. Ami akasema haya yote yalikuwa chini ya bahari enzi za dinosaria, jabali zima hili ni chokaa. Na mie nikakaa chini nikaligusa, kwa sababu lile jiwe nalijua, yale makali yake na vile vitundu vilivyoliwa na maji, ni ndugu wa mawe ya kwetu, lile tumbawe la kule maweni linalokukatia raba ukienda kuokota kuni. Baba alijengea nyumba mawe kama yale. Maji yakakauka, jiwe likarudi kuwa jiwe tu. Mpwa akamaliza chupa yake yote kwa kumwagia mawe mengine, ikabidi nimgawie yangu, na njiani maji hayauzwi popote, kwahiyo bebeni lita mbili kila mtu na moja ya mtoto wa kuchezea.

Kitu kingine, tumbusi. Kule wapo wale weupe wenye uso wa njano, na kwa kawaida ndege mkubwa unamwona tumbo, anapita juu yako. Pale wanapita chini yako. Unaona mgongo wake, mabawa yametandazwa, na kivuli chake kinapanda ukuta wa upande wa pili peke yake. Ukiacha hao na mizeituni mwitu iliyojipinda kwenye nyufa, hakuna uhai mwingi, ni ukavu na ukimya, na mbuzi bila shaka, wamesimama pahala ambapo hata nzi angefikiria.

Mwisho wa njia ni kijiji kilichohamwa, As Sab, kimekaa chini ya jabali lililojitokeza kama upenu. Nyumba za mawe zimeegemezwa kwenye jabali lenyewe, yani ukuta wa nyuma na nusu ya paa ni mlima. Milango mifupi, mtu mzima anainama. Niliingia mmoja, ndani pana masizi meusi juu, ya moto wa kupikia, nikayapangusa kidole kikatoka cheusi. Mbele ya nyumba kuna matuta ya kulimia yamejengewa kwa mawe, ngazi kwa ngazi, mpaka ukingoni kabisa, yaani mtu alikuwa analima na hatua mbili mbele yake kuna kilomita ya hewa. Watoto walilelewa pale! Nikamuuliza Ami walikuwa wanawafungaje, akasema mtoto wa jabali hafungwi. Sina hakika kama ni kweli au kaitunga. Watu wenyewe walihama wakafuata barabara, skuli na hospitali, kila kitu pale kilikuwa kinakuja kwa punda kwa njia ile ile tuliyopita.

Ukipanda kidogo nyuma ya kijiji kuna pahala maji yanadondoka kutoka jabalini na kidimbwi chini yake. Msitarajie kuogelea. Sie tulikuta maji ya kufika kwenye kifundo na chura wawili, mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Lakini kivuli chake ni baridi tamu, tukakaa pale tukala kilichosalimika: nguru wa kukaanga, chapati, tende na yale mandazi mawili, lile la mate tukampa mume wa wifi bila kumwambia. Kahawa ya Ami ya iliki ilikuwa bora kuliko ya mikahawa mingi hapa mjini. Chai yake hapana, sukari tupu.

Kurudi ndo kuna kazi. Kile kimteremko ulichokuwa unakifurahia sasa unakipanda, na jua limeshahamia upande wenu. Si mbaya, lakini msijimalize wakati wa kwenda. Goti lilianza kusema nusu ya njia. Ami wala hakuharakisha, kila nikisimama naye anasimama anajifanya anatazama kitu, na hiyo adabu ndogo mie nimeipenda kuliko hadithi zake zote.

Kasoro nilizoziona: choo hamna njia nzima, akina dada mjipange kabla, kule nyuma kwenye kituo cha mafuta. Takataka, si nyingi lakini chupa za plastiki kijijini ndani ya zile nyumba, aibu. Mtandao unakatika, kwahiyo pakueni ramani mapema, na mwambieni mtu nyumbani mtarudi saa ngapi. Msiende na mawingu ya mvua, maana mabonde ya chini yanajaa ghafla na barabara inapita humo. Na kiangazi msijaribu, miezi mizuri ni wa kumi mpaka wa tatu au wa nne, usiku wa baridi kule juu maji yanaganda. Fikeni kabla ya saa tatu, sie tuliporudi magari yalikuwa yamejaa mpaka mbele za nyumba za watu.

Njia naipa nyota tano. Ami nyota nne, moja nimeikata kwa ule mkanda, akiutengeneza nitamrudishia. Namba yake siiweki hapa, mwenyewe hataki, anasema akijulikana atapata kazi nyingi na yeye kastaafu.

Siku ya pili goti lilivimba kidogo, nikalikanda na mafuta ya karafuu, siku ya tatu nikashuka ngazi za ofisini kama kawaida. Wifi sasa kaanza habari za W4, kileleni kabisa, mwezi wa kumi na mbili, kulala kwenye tenti. Nimemwambia aende na yule mbuzi.